Juisi ya muwa iligeuka, sukari ya dukani ikagoma: je, dawa za maabara zimeharibika?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha Baiolojia kwenye sekondari ya kata. Hatuna gesi wala maabara iliyokamilika. Maji tunachemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Tumefanya vipimo vya chakula na kidato cha nne, majibu yakanichanganya. Juisi ya muwa niliyonunua stendi iligeuka rangi ya chungwa kwenye Benedict, ile dawa ya bluu ya kupimia sukari, kabla hatujaweka asidi, wakati kitabu kinasema sukari ya miwa haigeuki mpaka ichemshwe na asidi kwanza. Sukari ya dukani tuliichemsha na asidi, lakini ikabaki bluu. Ndizi mbivu ilitoa weusi kwenye ayodini, ile ya kupimia wanga, na tena wekundu kwenye Benedict. Uji tuliupima ukiwa wa moto, ayodini haikubadilika kabisa. Mwenzangu anasema dawa zimeharibika, niwaambie wanafunzi waandike majibu ya kitabu wasije wakapoteza alama. Ni kweli? Na jingine: mama mkwe wangu ana kisukari. Aliposikia ugali haukugeuka rangi kwenye Benedict akaniuliza, kwa hiyo ugali hauna sukari, naweza kula bila hofu? Nilishindwa kumjibu."*

Mwalimu, kwa jinsi ulivyoeleza sioni dalili kwamba dawa zako zimeharibika. Majibu ya juisi, ndizi na uji ndiyo hasa yanayotarajiwa kwa sampuli mlizotumia na kwa namna mlivyozipima. Sukari ya dukani peke yake ndiyo iliyokwenda kombo, na nadhani najua ni hatua gani iliyorukwa. Kuhusu mama mkwe, naomba nitangulize jibu fupi kabla ya mengine yote: hapana. Ugali kubaki bluu kwenye Benedict hakumaanishi kwamba hautampandisha sukari. Nitalirudia hilo kwa kirefu, kwa sababu ndilo lenye hatari kuliko alama za mtihani.

Wanafunzi wengi, na walimu pia, hudhani Benedict hupima sukari, basi. Ukweli ni kwamba inapima kitu chembamba zaidi: kama ndani ya sampuli kuna kitu kinachoweza kuipa shaba elektroni kikiwa kwenye maji ya moto yenye alikali, yaani kinyume cha asidi. Tazama kilichomo ndani ya chupa. Lita moja ya Benedict ina gramu 17.3 za salfeti ya shaba, yaani mrututu, ambao ndio unaoleta ubluu. Gramu 173 za sodiamu sitreti. Na gramu 100 za sodiamu kaboneti kavu. Kaboneti inafanya mchanganyiko uwe alikali. Sitreti kazi yake ni kuishikilia shaba isizame chini kama mashapo, maana shaba ikikutana na kaboneti peke yake hujitenga na maji. Kila kimoja kina kazi yake, na ukiharibu kimojawapo kipimo hakifanyi kazi. Kumbuka hili, tutalihitaji kwenye sukari ya dukani.

Glukosi, fruktosi, maltosi na laktosi ya maziwa zina ncha huru kwenye molekuli zake. Zikipashwa moto ndani ya alikali, ncha ile inafunguka na kutoa elektroni. Shaba ya bluu inazipokea na kugeuka oksidi ya shaba nyekundu, unga mwekundu usioyeyuka kwenye maji. Rangi zote mnazokariri, kijani, manjano, chungwa, hadi nyekundu ya tofali, ni unga huo mmoja kwa viwango tofauti. Ukiwa kidogo ndani ya maji ya bluu, jicho linaona kijani. Unapoongezeka, na shaba ya bluu inapopungua, unaona manjano na chungwa. Shaba ikikaribia kwisha, unabaki wekundu. Ndiyo maana ni muhimu kuitikisa tyubu kidogo kabla ya kusoma rangi. Nimeona mwanafunzi akiandika "bluu" kwa sababu aliangalia maji ya juu, wakati unga wote ulikuwa umetulia chini ya tyubu.

Sukrosi, sukari ya mezani, ni glukosi na fruktosi zilizofungana. Na zimefungana kwa ncha zilezile ambazo zingetoa elektroni. Hakuna ncha iliyobaki huru, kwa hiyo shaba haipati kitu. Kitabu chako kinasema kweli kuhusu sukrosi.

Sasa juisi ya muwa. Kitabu kinaongelea sukrosi safi, wewe umepima juisi, na hivi ni vitu viwili. Hata muwa ukiwa umesimama shambani, pamoja na sukrosi nyingi una glukosi na fruktosi kidogo, na sehemu ya juu ya shina, ile changa ambayo watoto huitupa kwa sababu haina utamu, huwa nazo nyingi zaidi kuliko sehemu ya chini. Muwa ukishakatwa, vimeng'enya vyake wenyewe na bakteria wanaoingia kwenye majeraha ya panga huanza kuivunja sukrosi. Viwanda vya sukari vinalijua hili vizuri sana. Ndiyo maana malori ya miwa kule Kilombero au TPC Moshi hayapaswi kulala njiani, kwa kuwa kila saa inayopita kati ya shamba na mashine ni sukari inayopotea. Muwa wa stendi umekatwa lini? Umesafiri, umemenywa, umekaa juani kwenye ndoo, kisha umepita kwenye mashine ambayo imekamua miwa mingine tangu asubuhi.

Na kuna ndimu. Karibu kila muuza juisi ya muwa anakamua pamoja na ndimu na tangawizi. Ndimu ina vitamini C, na vitamini C nayo huipa shaba elektroni. Benedict haiwezi kukuambia kama elektroni zimetoka kwenye glukosi au kwenye vitamini C. Yenyewe inapokea tu. Kwa hiyo rangi ya chungwa mliyoiona huenda ina wazazi wawili. Ukipima juisi ya machungwa, au kidonge cha vitamini C kilichoyeyushwa, kumbuka jambo hili kabla ya kuandika kwamba umeona sukari.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kitu kizuri, tafuta muwa uliokatwa siku hiyohiyo. Chukua kipande cha chini ya shina, umenye, utwange kwenye kinu safi, chuja kwa kitambaa na upime palepale bila ndimu. Kipande cha juu cha muwa uleule kipime pembeni. Juisi iliyobaki iache mezani hadi kesho yake, kisha pima tena. Mtazame rangi tatu zikiwa zimepangwa kwenye rafu ya tyubu. Mwanafunzi akiuliza kwa nini zinatofautiana, umeshamfundisha zaidi ya kitabu.

Utauliza: kama juisi imeshageuka kabla ya asidi, nitathibitishaje kwamba sukrosi imo? Izimue. Chukua mililita moja ya juisi, ongeza mililita tisa za maji, pima. Kama bado inageuka sana, zimua tena mpaka ile isiyotiwa asidi ibaki bluu au kijani hafifu. Kisha chukua juisi hiyohiyo iliyozimuliwa, ipitishe kwenye asidi, ipime. Kama ya kwanza ni kijani na ya pili ni nyekundu ya tofali, tofauti hiyo ndiyo sukrosi yako.

Hapo tunafika kwenye sukari ya dukani, na nakuuliza swali moja, mwalimu. Mlipomimina Benedict kwenye tyubu iliyotoka kuchemshwa na asidi, je, ilitoa povu? Kama ilichemka kwa povu na ubluu ukapauka, jibu tumelipata. Asidi ilikuwa bado imo. Iliila kaboneti ya Benedict, povu mliloliona ni kabonidayoksaidi, na alikali ikaisha. Bila alikali ncha za glukosi hazifunguki ipasavyo na shaba haipokei elektroni. Sukrosi mliivunja vizuri tu. Mlichoharibu ni Benedict yenyewe, tena ndani ya tyubu na si ndani ya chupa.

Dawa yake ni sodiamu bikaboneti, ileile ya kuumulia mandazi. Weka mililita 2 za maji ya sukari, ongeza mililita 1 ya asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, chemsha kwenye maji ya sufuria kama dakika 5, kisha toa upoze. Usiiwekee bikaboneti ikiwa ya moto, itafoka na kumwagika mikononi. Ikishapoa, weka bikaboneti kidogo kwa ncha ya kijiko, subiri povu litulie, weka tena, mpaka uweke na povu lisitoke kabisa. Wenye karatasi ya litmasi wahakikishe imegeuka bluu. Ndipo sasa unaongeza Benedict mililita 2 na kurudisha tyubu kwenye maji yanayochemka. Mtu akiruka hatua hii, sukari ya kilo nzima haitageuka.

Ila angalia sukari unayotumia kama mfano wa "isiyogeuka". Sukari ya kahawia inaweza kutoa kijani hafifu hata bila asidi, kwa sababu haijasafishwa kikamilifu na imebaki na glukosi na fruktosi kidogo. Sukari guru itageuka waziwazi. Tumia sukari nyeupe kabisa.

Tuje kwenye uji. Wanga una molekuli za aina mbili, amilosi na amilopektini. Amilosi ni mnyororo mrefu wa glukosi uliojizungusha kama springi ya kalamu, na glukosi kama 6 hivi katika kila mzunguko. Ayodini inayeyushwa pamoja na potasiamu ayodaidi kwa sababu yenyewe haipendi maji, na humo huunda vijimnyororo vya ayodini vinavyoingia katikati ya springi hiyo. Vikishakaa ndani, mwanga unanyonywa kwa namna nyingine na wewe unaona bluu-nyeusi. Ukiupasha moto, springi inalegea na kufunguka, ayodini inatoka, rangi inapotea. Ukipoa inarudi. Uji wenu ulikuwa na wanga tele. Mliupima mapema tu. Fanya hivi mbele ya darasa: chukua uji mwepesi uliopoa, weka tone la ayodini, uwe bluu-nyeusi. Tumbukiza tyubu kwenye maji yanayochemka hadi rangi ififie. Itoe, iweke kwenye maji baridi, na wote watazame ubluu ukipanda tena kuanzia kwenye kuta za tyubu, kwenye sehemu iliyotangulia kupoa.

Joto si adui pekee wa ayodini. Vitamini C inaipausha papo hapo, kwa hiyo uji uliokamuliwa ndimu unaweza kumeza matone kadhaa ya mwanzo bila kugeuka. Alikali nayo inaiharibu: kitoneshi kilichotoka kwenye chupa ya Benedict kikiingizwa kwenye chupa ya ayodini bila kuoshwa, mmeua chupa nzima polepole. Hilo ndilo ningelikagua kwanza kabla ya kulaumu tarehe ya mwisho ya matumizi. Kila chupa iwe na kitoneshi chake, au bomba la sindano lake lililoandikwa kwa kalamu ya wino.

Ndizi ni rahisi zaidi. Ndizi mbichi imejaa wanga, kiasi cha theluthi mbili au zaidi ya uzito wake mkavu. Inapoiva, vimeng'enya vinaubadilisha wanga kuwa sukrosi, glukosi na fruktosi. Mabadiliko haya hayaishi kwa siku moja, kwa hiyo ndizi yenye ganda la manjano lakini ncha bado za kijani itatoa weusi kwenye ayodini na wekundu kwenye Benedict, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Mzuzu na mkono wa tembo hubaki na wanga mwingi hata ukiiva, kuliko ndizi sukari au mtwike. Kama unataka jibu moja safi, tumia ndizi yenye madoa ya kahawia kwenye ganda. Binafsi naona ile ya katikati ndiyo nzuri zaidi kufundishia.

Hii inanipeleka kwa mwalimu mwenzako, ambaye najua ana nia njema kwa watoto. Ushauri wake usiufuate. Mwanafunzi aandike kwenye safu ya uchunguzi rangi aliyoiona kwa macho yake, hata kama inagongana na kitabu, kisha kwenye hitimisho aandike inamaanisha nini. Chumba cha mtihani wa vitendo kina sampuli ambazo yeye hajui ni nini. Ameletewa mchanganyiko wenye lebo ya herufi tu. Aliyezoeshwa kuandika kinachotarajiwa atakuwa hana pa kushika siku hiyo, ilhali aliyezoea kuamini macho yake na kujua kila kipimo kinauliza nini ataitoa sampuli kwenye maficho yake. Na zaidi ya alama, huyu kesho anaweza kuwa fundi sanifu wa maabara wa hospitali. Sitaki mtu aliyefundishwa kuandika majibu ya kitabu anisomee damu ya mtoto wangu.

Lakini shaka ya mwenzako kuhusu dawa ina njia halali ya kuthibitishwa, na ndiyo ninayotaka uifanye kila mnapoanza vipindi vya vitendo. Pima vitu vitatu unavyovijua kabla ya kupima usivyovijua. Maji matupu ni lazima yabaki bluu kwenye Benedict na kahawia-manjano kwenye ayodini. Glukosi ya unga ya duka la dawa ni lazima igeuke nyekundu kwenye Benedict. Unga wa muhogo uliokorogwa na kuchemshwa, kisha ukapoa, ni lazima uwe bluu-nyeusi kwenye ayodini. Vikipita, dawa ni nzima, na tarehe iliyoandikwa kwenye chupa haina neno. Benedict hudumu muda mrefu sana. Hilo ndilo lililoifanya ipendwe kuliko dawa ya Fehling, ambayo sehemu zake mbili hutunzwa mbalimbali na kuchanganywa wakati wa kutumia. Ayodini ndiyo dhaifu. Inapotea hewani na mwanga unaichakaza, hivyo iwekwe kwenye chupa ya kahawia yenye kifuniko cha kukaza, ndani ya kabati.

Ikiisha na bajeti hakuna, nenda kwenye maabara ya kituo cha afya kilicho karibu na uombe kwa barua ya mkuu wa shule. Wana ayodini ya Gram wanayopakia rangi bakteria: gramu 1 ya ayodini na gramu 2 za potasiamu ayodaidi kwenye mililita 300 za maji. Inafaa kabisa kwa wanga. Hata povidoni ayodini ya vidonda kutoka duka la dawa hufanya kazi ukiizimua hadi iwe rangi ya chai isiyo na maziwa, ingawa wekundu wake huwatatiza wanafunzi kidogo, hivyo waweke tyubu ya maji matupu pembeni ya kulinganishia. Wakikuuliza mbona chumvi yenye madini joto haiugeuzi ugali bluu, waambie humo ayodini imefungwa kama ayodeti, haiko huru.

Jiko la mafuta ya taa halina tatizo. Benedict haihitaji moto wa moja kwa moja, tena ni bora isipate: tyubu iliyoshikwa juu ya mwali hurusha maji ya moto mdomoni mwake ghafla. Sufuria ya maji yanayochemka inatosha, midomo ya tyubu ielekezwe kusiko na mtu. Spiriti isikae meza moja na jiko. Asidi imiminwe kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye asidi. Na mabaki ya Benedict yasimwagwe kwenye bustani ya mboga ya shule, kwa sababu ni shaba.

Najua baada ya somo hili wazazi watakuletea asali na maziwa wakitaka uwapimie. Kwa maziwa unaweza kuwasaidia kwa sehemu. Wapo wanaoyaongeza maji kisha wakatia unga yasionekane mepesi, na huo unga ayodini huukamata: chemsha maziwa kidogo, yaache yapoe kabisa, weka matone machache. Yakielekea bluu, kuna wanga ambao ng'ombe hakuuweka. Yasipogeuka, umejua hayana unga tu. Maji yanaweza kuwamo. Kwa asali, usikubali. Asali halisi yenyewe kwa sehemu kubwa ni glukosi na fruktosi, kwa hiyo itageuka nyekundu vizuri sana, na iliyochakachuliwa itageuka vilevile. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka aina nyingi za asali zisizidi gramu 5 za sukrosi kwa kila gramu 100, na kiasi kama hicho hakisomwi kwa rangi ya tyubu. Pakiwa na biashara, ugomvi au mtu aliyeugua, sampuli ipelekwe Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara. Kwa Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko. Jibu lako la darasani lisitumike kumwita mtu mwizi.

Sasa mama mkwe. Mpe heshima ya maelezo kamili, maana swali lake ni la mtu anayefikiri. Benedict iliposema bluu kwa ugali, ilisema tu kwamba ndani ya ugali hamna glukosi iliyo huru ya kutosha. Lakini ugali ni wanga, na wanga ni glukosi maelfu zilizoshikana mikono. Zikishikana, ncha zake huru ni chache mno, Benedict haizioni. Tumbo lake litaziachanisha. Kazi inaanzia mdomoni kwa kimeng'enya cha amilesi kilicho kwenye mate, inaendelea kwenye utumbo mwembamba, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi ileile iliyogeuza tyubu yako nyekundu.

Hili unaweza kumwonyesha yeye na wanafunzi kwa jaribio moja. Weka uji mwepesi uliopoa kwenye tyubu mbili. Moja ongeza mate ya mwanafunzi mmoja, nyingine maji. Ziweke kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, yenye joto la mwili. Kila baada ya dakika chache toa tone, liguse na tone la ayodini kwenye kigae cheupe. Ya maji itabaki bluu-nyeusi. Ya mate itapita kwenye zambarau, kisha nyekundu-kahawia, kisha ayodini haitabadilika tena. Hapo pima zote mbili kwa Benedict. Ile ya mate itageuka. Uji uliokuwa "hauna sukari" sasa unayo, na hakuna aliyeiweka. Kigae mshughulikie ninyi wenyewe walimu, kila mtu ashike mate yake, na vyombo vilowekwe kwenye dawa ya klorini baadaye.

Sukari ya mezani ni vilevile: bluu kwenye Benedict, lakini utumbo una kimeng'enya kinachoivunja, kinafanya kazi ya asidi yako bila kuchemsha. Na usimwache abaki na dhana kwamba kilicho kitamu ndicho kinachopandisha na kisicho kitamu kina nafuu. Kwenye kipimo cha kasi ya kupandisha sukari, ambapo glukosi ni 100, mkate mweupe uko kama 75 na sukari ya mezani kama 65. Mkate hauna utamu wa kusema, ila unakwenda haraka zaidi. Hii haina maana sukari ni salama kwake. Ina maana sahani ya ugali au wali ihesabiwe kama inavyohesabiwa sukari, kwa kiasi chake.

Simkatazi ugali, wala sina mamlaka hayo. Watu wengi wenye kisukari wanakula ugali, wa dona mara nyingi, kiasi kilichopimwa, pamoja na mboga nyingi na maharage au samaki, ambavyo huchelewesha usagaji. Kiasi gani kinamfaa yeye kinategemea dawa anazotumia, uzito, figo zake, na kazi anazofanya, na hayo hayapimwi kwenye tyubu. Kipimo chake ni glukomita, kile kifaa kidogo cha kupima sukari kwenye damu: apime kabla ya kula na saa 2 baada ya kuanza kula, aandike namba pamoja na alichokula, kwa siku kadhaa. Daftari hilo aende nalo kliniki ya kisukari akaonane na daktari na mtaalamu wa lishe. Asipunguze wala kuacha dawa kwa sababu ya jaribio lolote la shuleni.

Mkiwa nyumbani, yajue haya. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, kuchanganyikiwa au moyo kwenda mbio, na hasa glukomita ikionyesha chini ya 3.9 mmol/L, huyo sukari imeshuka: apewe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji kama anaweza kumeza, apimwe tena baada ya dakika 15. Msimpe ugali wakati huo, unachelewa. Asiyeweza kumeza au aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na kama ana kiu isiyokatika, anakojoa mno, anatapika, anapumua kwa kina na haraka au amelegea kupita kawaida, sukari inaweza kuwa imepanda vibaya; huyo naye ni wa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.